Mpwa wangu kaletewa fomu ya likizo bila malipo: uzi kuhusu namba ya rubani

#1 Rubani wa Raskazone (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Nipo likizo nyumbani Tanga na uzi huu utakuwa mrefu, mnivumilie.

Juzi usiku mpwa wangu alinipigia kutoka Marekani. Ni rubani msaidizi kwenye kampuni kubwa ya huko, mwaka wake wa nne. "Shikamoo mjomba. Wametuletea fomu." Nilijua ni fomu gani kabla hajamaliza. Marubani wamezidi safari, kwa hiyo kampuni inatafuta wa kujitolea kukaa nyumbani bila mshahara, miezi 6 au miezi 12. Wasipotimia, watapumzishwa watu kwa lazima, yaani watakaa bila mshahara hadi waitwe tena, kuanzia mkiani mwa orodha, na yeye hayuko mbali na mkia. Akaniuliza, "Nitapoteza pesa ngapi?"

Nikamwambia hilo tuliweke kando kwanza, anitajie namba yake.

Kwa wasioijua kazi hii: kwenye mashirika makubwa ya Marekani kila rubani ana namba kwenye orodha ya ukongwe. Inahesabiwa tangu siku uliyoajiriwa. Haijali unarusha vizuri kiasi gani wala bosi anakupenda kiasi gani. Namba ndiyo inayoamua unarusha ndege ipi, unakaa kituo gani, lini unakuwa kapteni, unapata likizo mwezi gani, Idd utasali na watoto au utakuwa hotelini. Kampuni ikipunguza watu inaanza na wa mwisho. Ikiwarudisha, inaanza na aliyetoka mwishoni. Na ukihamia kampuni nyingine, hata uwe na miaka 20 angani, unapewa namba ya mwisho kabisa na mshahara wa mwaka wa kwanza. Ni kama foleni ya gari pale Kange: ukitoka ukaenda kupanga stendi nyingine, hakuna anayejali ulikuwa wa ngapi kule ulikotoka.

Sasa langu mwenyewe. Nilianza na ndege ndogo ya Caravan, injini moja, nikiruka Tanga, Pemba na Unguja. Baadaye nikapata kazi nje kwenye kampuni kubwa ambayo sitaitaja. Mwaka 2009 wakanipumzisha. Namba yangu ilikuwa hai na haki ya kuitwa tena ninayo. Baada ya miezi saba kampuni nyingine ikanipa kazi, kwa sharti moja: niiachie namba ile kwa maandishi.

Barua ilikuwa ya mistari mitatu. Wa pili ulisema naacha haki zangu zote za ukongwe na za kuitwa tena. Niliusoma mara moja tu, nimesimama, karatasi iko juu ya friji kwa sababu meza ilijaa vyombo vya watoto. Nikatia sahihi palepale. Kodi ya nyumba ilikuwa inadaiwa miezi miwili.

Aliyekuwa nyuma yangu kwenye orodha, nafasi moja tu, tulifundishwa chumba kimoja cha simuleta, ile mashine ya kufanyia mazoezi ya urubani. Yeye hakutia sahihi. Aliendesha lori miaka miwili na nusu hadi alipoitwa. Leo ni kapteni wa ndege kubwa ya masafa marefu. Mimi pia ni kapteni, wa ndege ndogo kuliko yake, na ukapteni wenyewe niliupata miaka saba baada yake. Mpaka leo nikikuta orodha mpya ya kampuni ile natafuta jina lake, halafu naangalia mstari ulio juu yake, pale ambapo ningekuwa mimi.

Ndiyo maana sikutaka mpwa wangu aanze na hesabu ya mshahara wa miezi sita. Karibuni.

#2 Mvuvi wa Sahare

Mkuu, hilo la mstari wa juu yake limenigusa. Endelea kushusha, tupo.

#3 Mwalimu Makorora

Mleta uzi, sisi walimu hili tunalielewa bila kuchorewa. Mwaka 2016 serikali ilisimamisha kupandisha watumishi madaraja ili kufanya uhakiki wa watumishi hewa na vyeti. Nimeajiriwa siku moja na mwenzangu, yeye barua yake ya daraja ilitoka kabla ya zuio, yangu ikakwama. Baadaye likaja neno "mserereko", watu wakasogezwa kufidia. Lakini uliza mtu yeyote aliyekwama: je, ile miaka ya katikati alilipwa? Na anayekaribia kustaafu, kiinua mgongo kinakokotolewa kwa mshahara upi?

Swali langu: huko kwenu, ukipumzishwa, daraja linasimama au linaendelea?

#4 Rubani wa Raskazone

Mwalimu, umeshika penyewe. Kuna vitu viwili ambavyo watu wanavichanganya, hata marubani wenyewe.

Cha kwanza ni namba, yaani nafasi yako kwenye foleni. Ukiwa umepumzishwa, kwa kawaida namba inabaki. Wa juu yako wakistaafu unapanda hata kama umelala kwako Chumbageni.

Cha pili ni ngazi ya mshahara. Kampuni nyingi za Marekani zina ngazi 12. Kila mwaka wa kazi unapanda moja, ukifika ya 12 unabaki hapo. Hii ndiyo inayoweza kusimama. Mikataba mingi ya hali bora inasema mwaka uliopumzishwa kwa lazima hauhesabiwi kwenye ngazi. Likizo ya kujitolea mara nyingi ina masharti laini zaidi, kwa kuwa kampuni inakubembeleza: wakati mwingine ngazi inaendelea, wakati mwingine bima ya afya inabaki. Mikataba haifanani, lazima usome wa kwenu.

Kwa hiyo kuna mtu anarudi akiwa namba nzuri na ngazi ya nyuma. Anakuwa kapteni kwa wakati, analipwa ukapteni wa ngazi ya chini. Hilo linauma ila lina mwisho. Aliyeachia namba ndiye mwenye maumivu ya aina nyingine.

#5 Kijana wa Pongwe

Mkuu weka tarakimu. Bila tarakimu tutabaki kuhisi.

#6 Rubani wa Raskazone

Haya, chukueni kalamu. Tarakimu hizi nimezitunga ili hesabu iwe rahisi, si za kampuni yoyote.

Ngazi ya 1 iwe 100 kwa mwaka, kila ngazi iongeze 10. Ngazi ya 12 inakuwa 210. Watu watatu wameajiriwa pamoja, baada ya miaka miwili balaa linakuja.

Wa kwanza anabaki kazini. Huyu ndiye kipimo chetu.

Wa pili anapumzishwa miaka mitatu, namba anayo, ngazi imesimama. Anarudi mwaka wa 6 akiwa ngazi ya 3 wakati mwenzake yuko ya 6. Tofauti ni 30 kila mwaka kuanzia mwaka wa 6 hadi wa 12, hiyo ni 210. Mwaka wa 13 tofauti ni 20, wa 14 ni 10, wa 15 wamelingana. Jumla 240. Ongeza miaka mitatu aliyokaa nje, ambayo mwenzake alipata 390, ukitoa chochote alichokipata huko kwenye lori.

Wa tatu anaachia namba na kuanza upya mara moja kampuni nyingine yenye ngazi zilezile. Yuko ngazi mbili nyuma, basi ni 20 kwa mwaka kwa miaka 10, halafu 10 ya mwisho. Jumla 210. Na ile miaka mitatu alikuwa anaingiza mshahara!

Mnaona? Kwa ngazi peke yake, wa tatu ndiye aliyefanya vizuri kuliko wa pili. Ndiyo hesabu niliyoipiga mimi juu ya friji, na haikuwa na kosa hata moja. Ila haikuwa imekamilika.

Rubani msaidizi hulipwa takribani theluthi mbili ya kapteni wa ndege hiyohiyo. Kama msaidizi wa ngazi ya 12 anapata 210, kapteni wake anapata 315. Tofauti 105 kila mwaka. Sasa yule wa tatu, kwa kuwa amekaa mkiani mwa foleni nyingine, akichelewa ukapteni miaka mitano tu, amepoteza 525. Hapo sijagusa ndege kubwa, ambazo zinalipa zaidi na zinawaendea wenye namba ndogo.

Na jambo lililonichukua miaka mingi kulielewa: wote watatu watastaafu wakiwa na miaka 65, sheria haimsubiri mtu. Kwa hiyo mwaka unaoupoteza ukiwa kijana haukatwi pale mwanzoni, kwenye mshahara mdogo. Unakatwa kule mwisho, kwenye ukapteni wa ndege kubwa, mwaka mnono kuliko yote ya maisha yako. Unadhani umepoteza 120, kumbe umepoteza 315.

#7 Kijana wa Pongwe

Nimepiga mara mbili, 240 na 210 zimekuja sawasawa. Lakini mkuu, kama kampuni ya pili inakua haraka na ile ya kwanza imedumaa, wa tatu si anaweza kuwa kapteni mapema kuliko wa pili?

#8 Rubani wa Raskazone

Anaweza kabisa, na wapo. Foleni fupi inayosogea inapita foleni ndefu iliyosimama. Tazama orodha ya kampuni na uulize wangapi juu yako wanafikisha 65 ndani ya miaka kumi, na ndege ngapi mpya zimeagizwa. Hayo mawili ndiyo yanayosogeza foleni.

Na sheria yenyewe inaweza kuisimamisha. Marekani, umri wa marubani kustaafu ulikuwa 60. Tarehe 13 Desemba 2007 ukapandishwa hadi 65. Waliokuwa wanasubiri wazee watoke wakaambiwa subirini miaka mitano tena, kisha mdororo wa 2008 ukaingia juu yake. Kampuni ya United peke yake ilipumzisha marubani 1,437 katika wimbi lile, na miongoni mwao walikuwemo waliokwisha kupumzishwa mara moja baada ya Septemba 11, 2001. Mara mbili, mtu yuleyule.

#9 Mzee wa Barabara ya 13

Vijana, naomba niweke neno. Namba ni mali pale tu kampuni inapokuwa hai. Sisi wa zamani tuliiona Jumuiya ya Afrika Mashariki ikivunjika 1977, na East African Airways ikafa nayo. Mtu alikuwa na ukongwe wake mzuri kabisa jioni, asubuhi orodha yenyewe haipo. Madai ya mafao ya wale wafanyakazi wa Jumuiya yalizungumzwa nchi hii kwa miongo. Usimfundishe kijana kuishikilia namba kama roho.

#10 Rubani wa Raskazone

Shikamoo mzee wangu. Nakubali, na Marekani kuna kisa kinachokuunga mkono.

Kampuni mbili za ndege, US Airways na America West, ziliungana 2005. Orodha mbili zikatakiwa ziwe moja. Waliposhindwa kuelewana, msuluhishi George Nicolau akatoa uamuzi Mei 2007. Marubani wa US Airways waliokuwa wamepumzishwa aliwaweka chini ya waliokuwa kazini America West. Watu walioajiriwa zaidi ya miaka kumi nyuma wakajikuta wako chini ya vijana walioingia juzi. Hoja yake ilikuwa kwamba siku ya ndoa mmoja alikuwa na kiti na mwingine hakuwa nacho. Marubani wa US Airways waliukataa uamuzi ule, wakaondoka hata kwenye chama chao, ALPA, wakaunda kingine, na kesi zikaendelea kwa miaka.

Kwa hiyo kupumzishwa kuna hatari ambayo haimo kwenye hesabu yangu ya juu: kampuni ikiungana na nyingine wewe ukiwa nje, namba yako inaweza kupimwa kwa jicho jingine. Mpwa wangu nimemwambia hili pia. Nilimwambia namba uishike kwa mkono mmoja, mkono wa pili utafute riziki.

#11 Mke wa Rubani, Chumbageni

Kaka zangu, mmepiga hesabu nzuri, sasa nisikilizeni mimi niliyebaki na sufuria. Mume wangu alipumzishwa 2020 kwenye kampuni ya nje. Namba aliiweka. Hiyo namba haikulipa ada, haikununua unga. Nilikaanga bajia na kuuza barazani miezi kumi na minne, na wateja wangu wa kwanza walikuwa watoto wa madrasa. Yeye kila alfajiri alikaa ukumbini na picha ya chumba cha rubani aliyoibandika kwenye kadibodi, anagusa swichi moja moja, anataja kwa sauti, asije akasahau. Nilikuwa nasikia kutoka jikoni.

Aliitwa, amerudi, alhamdulillahi. Lakini msimwambie kijana "shika namba" bila kumwuliza nyumbani kuna nini. Ana mke? Ana mkopo wa shule ya urubani? Anatuma kiasi gani kwa mama yake?

#12 Rubani wa Raskazone

Dada yangu, nimesoma nikaweka simu chini kwa muda. Hiyo kadibodi naijua. Asante sana.

Umesema kweli, na ndiyo maana siwalaumu walioachia namba, nikiwemo mimi. Mpwa wangu hana mke bado. Mkopo wa shule anao, na anamtumia dada yangu kila mwezi. Nilimwuliza ana akiba ya miezi mingapi ya kodi na marejesho. Kama jibu ni miwili, hana uchaguzi wowote, atatia sahihi chochote kitakachowekwa mbele yake kama nilivyofanya mimi. Rubani anayeanza kazi aweke akiba ya miezi sita kabla hajafikiria gari. Hapo nasema kwa uchungu.

Na suala la kusahau si dogo. Kubeba abiria kunadai uwe umepaa na kutua angalau mara tatu ndani ya siku 90, na cheti cha afya cha daraja la kwanza cha Marekani kinadumu miezi 12 ukiwa chini ya miaka 40, miezi 6 ukishavuka. Ukikaa nje, cheti usikiache kife. Kuitwa kukukute tayari.

#13 Msaidizi wa Sheria

Wadau, kwa hapa kwetu tusijidanganye kuwa utaratibu ni uleule. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 38, inamtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi atoe taarifa mapema, aeleze sababu, na ashauriane nao kuhusu njia za kuepuka kupunguza na jinsi ya kuchagua nani aondoke. Ukipunguzwa, kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, usiozidi miaka 10. Hiyo ni kuachishwa, si kupumzishwa na kubaki na namba. Mwajiri wa hapa akikuambia "kaa nyumbani bila mshahara tutakuita", dai maandishi: mpaka lini, na utumishi wako unahesabiwa au umekatika. Neno la mdomo halitakusaidia mbele ya Tume ya Usuluhishi.

#14 Mvuvi wa Sahare

Mleta uzi, hii ya kujitolea sijaielewa. Kwa nini mtu ambaye yuko salama ajitolee kukosa mshahara?

#15 Rubani wa Raskazone

Mvuvi, wanajitolea wengi kuliko unavyodhani. Mwenye mzazi mgonjwa, mwenye mtoto mchanga, mzee aliyebakiza mwaka mmoja. Mwaka 2020 serikali ya Marekani ilizipa kampuni za ndege fedha za mishahara kwa sharti kwamba zisimpumzishe mtu kwa lazima hadi tarehe 30 Septemba. Katika miezi hiyo kampuni zikahimiza kujitolea. Delta peke yake karibu marubani 1,800 walikubali kustaafu mapema, na mwishowe haikumpumzisha rubani hata mmoja. American ilipumzisha 1,600 Oktoba ile, ikawarudisha fedha za awamu ya pili zilipopitishwa Desemba.

Kila aliyejitolea juu alimwokoa mtu wa chini. Na waliobaki na namba zao walisogea nafasi nyingi kwa mkupuo, kwa sababu wazee walitoka kwa pamoja. Safari ziliporudi, marubani wakawa adimu, na Machi 2023 marubani wa Delta walipitisha mkataba wa nyongeza ya 34% kwa miaka minne. Fikiria aliyeachia namba yake 2020 kwa hofu ya miezi sita.

#16 Mwalimu Makorora

Sasa kijana kaamuaje?

#17 Rubani wa Raskazone

Samahani kwa kuchelewa, jana nilimpeleka mama Bombo kliniki.

Tulikaa kwenye simu saa mbili na nusu. Alinisomea mkataba wao ukurasa kwa ukurasa, nami naandika nyuma ya kalenda. Likizo ya kujitolea: namba inaendelea, ngazi inaendelea, bima anachangia nusu, akitaka kufanya kazi nyingine anaruhusiwa isipokuwa kurusha kwa kampuni shindani. Kupumzishwa kwa lazima: namba inabaki, ngazi inasimama, bima inakoma mwisho wa mwezi. Akiitwa ana siku 14 za kujibu. Hilo la siku 14 hakuwa amelijua, na anwani yake kwenye faili la kampuni ilikuwa ya nyumba aliyohama. Fikirieni barua ya kuitwa ikienda kugonga mlango wa mtu mwingine.

Akiba yake ni ya miezi mitano. Kabla hajachagua, kaahidiwa kazi ya kufundisha wanafunzi kwenye shule ya urubani aliyosomea, ndege ndogo, malipo kwa saa. Dada yangu kamwambia amtumie nusu, machungwa ya shamba la Muheza yatasaidia msimu huu.

Amejaza miezi sita. Anwani ameibadilisha jana ileile. Nimemwambia apige picha kila ukurasa kabla ya kutia sahihi, na aketi mezani akiisoma.